Mwalimu Aliyetutupa Angani

Msiniulize alizaliwa wapi wala babu yake aliitwa nani. Mtu wa namna ile hazaliwi, anapangwa kwenye ratiba: Jumatatu vipindi viwili, Jumatano viwili, Ijumaa kimoja cha kuwaharibia watu wikiendi. Tulipoingia sekondari pale Mpanda tulimkuta tayari yupo, na koti lake la rangi ya udongo wa kiangazi, analivaa hata mwezi wa kumi bati linapolia kwa jua, chaki zimejipanga mfuko wa kifuani kama risasi. Tulimwita Mwalimu wa Hesabu. Yapo majina mengine tuliyompa, lakini haya maandishi mama yangu anaweza akayasoma.

Kwanza nimpe haki yake, halafu nitamnyang'anya taratibu. Mwalimu wa Hesabu alikuwa anaijua hesabu. Walimu wengi tuliowapitia wanajua jibu lililoko nyuma ya kitabu, ukibadilisha namba tu wanatoka nje kupokea simu. Yeye kitabu hashiki. Anasimama uso ukiwa kwetu, mkono uko nyuma unaandika ubaoni, macho yanatafuta nani wa kumuumbua, na mstari unanyooka kuliko barabara yoyote ya mkoa wa Katavi. Walimu wenzake walisema alistahili kufundisha chuo kikuu, ila huko walimshindwa kwa sababu ya mdomo. Hilo naliamini bila ushahidi.

Maana ule mdomo, jamani. Fimbo hakushika hata siku moja. "Fimbo ni ya ng'ombe," alikuwa akisema, "na ng'ombe angalau anatoa maziwa." Maganga, niliyekaa naye dawati moja, kijana wa Kisukuma wa kule Ilembo mwenye mabega kama mlango wa stoo, akaninong'oneza, "Mimi bora fimbo." Mwalimu akasikia.

"Maganga, simama."

Maganga akasimama.

"Kaa. Nilitaka tu kujua kama kuna waya unaofika huko juu."

Darasa likafa kwa kicheko, na mimi jirani yake ndiye niliyecheka kuliko wote. Nyamizi, ambaye alikuwa wa kwanza tangu tunaingia na alitembea kama mtu anayelijua hilo, siku alipokosa alama tatu tu aliambiwa: "Mjinga mkubwa anaonekana tangu mbali, watu wanapisha. Wewe wa alama tatu ndiye utakayejenga daraja, tupite, lituangukie." Mimi niliambiwa kwamba siku ninazoumwa malaria darasa linapata akili. Nilicheka na hiyo. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anachekesha kunizidi, na alikuwa hafanyi hata juhudi.

Lakini mdomo haukuwa kitu mbele ya dirisha. Madirisha ya Kidato cha Nne B hayakuwa na vioo, yalikuwa mashimo yenye nondo, na nondo zenyewe nyingine zilishahamia kwa mafundi wa mjini. Siku ya kurudisha karatasi za mtihani, Mwalimu wa Hesabu alianza na wa mwisho akapanda kwenda kwa wa kwanza. Jina lako likitajwa, karatasi inapita dirishani, inaelea, inatua kwenye michongoma, na wewe unatoka kuifuata. Kurudi ndani hakuna. Unabaki chini ya dirisha, juani, kichwa tu ndicho kinachoonekana, unasikiliza wenzako wakisahihishiwa. Kidato cha Kwanza wakipita na ndoo zao wanasimama kutuangalia kama wanavyoangaliwa viboko kwenye dimbwi lililokauka. Akishafika kwa waliofaulu, karatasi anaitoa kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama anampa mkwe soda.

Watu wa mwisho tulikuwa walewale. Tulishakuwa na sehemu zetu pale nje. Ya Maganga ilikuwa na shimo, visigino vyake vilishalichimba.

Sasa, kwamba mtu huyu alikuwa anaandika hadithi, na hadithi zenyewe za vyombo vya kwenda kwenye nyota, tuligundua kwa bahati. Karatasi zetu za mihula ya nyuma alikuwa anazibeba kwenda kwake, chumba cha kupanga Misunkumilo, anaandikia upande mtupu. Mbele sifuri yangu, nyuma nyota. Siku moja akachanganya. Karatasi yangu ikapita dirishani kama kawaida, nikaiokota, nikaigeuza, nikakuta mwandiko wake uleule wa ubaoni: "Rubani alitazama kipimo cha hewa, akajua kwamba aliyekuwa anampenda ndiye atakayefuata."

Jamani, mimi ni mtu wa kuachiwa karatasi kama hiyo? Nilipanda juu ya tofali, nikabandika uso kwenye nondo, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kule ndani watu walilala juu ya madawati. Yule rubani alikuwa anawaaga watu mlangoni mmojammoja kwa kuwatajia alama zao. Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni. Alikuja mpaka dirishani, uso wake na wangu nondo tu katikati, chaki bado anayo mkononi. Nikajua leo ndiyo leo.

"Umeishia wapi?" akaniuliza.

"Hapa kwenye mlango unafunguka, mwalimu."

"Endelea."

Nikadhani ni mtego. "Mwalimu?"

"Nimesema endelea. Na usikimbie, kuna nukta hapo umeiruka."

Nikasoma mpaka chini ya ukurasa, hakuna aliyecheka tena, si kwa sababu ya hadithi, kwa sababu ya uso wake. Midomo ilikuwa inatembea pamoja na yangu. Alikuwa anayajua maneno yote. Karatasi ilipoisha akanyoosha mkono akaichukua, akasema, "Kuna kurasa nyingine tisini nyumbani," halafu akarudi ubaoni akaendelea na pembetatu. Ndipo nilipoujua ugonjwa wake. Mtu mzima, msomi, anayetuona sisi wote takataka, hakuwa na kitu anachokitaka duniani isipokuwa asikilizwe mpaka mwisho. Na hakuwa na wa kumsikiliza zaidi ya hizo takataka.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Chombo kinaondokea Mpanda, pale stesheni. "Reli inaishia hapa," alitueleza, "na kila kinachofika hapa kinageuza kurudi Tabora. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kingeweza kuendelea mbele." Abiria wa chombo ni Kidato cha Nne B, tena kwa majina yetu halisi, maana aliona jina la kubuni ni uongo na yeye haandiki uongo. Rubani hana jina, ana koti. Wanakwenda kwenye dunia nyingine inayozunguka nyota ya mbali, na tangu ukurasa wa kwanza hewa haitoshi. Haikutosha kwa sababu aliipigia hesabu kweli: ukubwa wa chombo, mapafu ya watoto wa miaka kumi na saba, urefu wa safari. Kila baada ya muda lazima mtu mmoja atoke nje ili wengine wapumue, na anayetoka anachaguliwa kwa mtihani.

Mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mcheshi, alimwambia mbele yetu, "Mwenzangu, hadithi yako haina hata mapenzi kidogo."

"Mapenzi yanakula hewa, madamu."

Redio moja ya pale mjini ilimpa nafasi Jumamosi mchana. Sijui aliwabembelezaje, au labda walikuwa wamekosa cha kuweka. Nafasi ilikuwa mara tu baada ya matangazo ya vifo na ya mifugo iliyopotea, na alisoma mwenyewe, kwa sauti ileile ya kutajia matokeo. Mji uliipenda kupita kiasi. Sio kwamba watu wa Mpanda wanahangaika na nyota. Waliipenda kwa sababu kila wiki kuna mtoto wa jirani anatupwa nje. Dukani kwa Alhaji, anapouza mchele na betri, Jumamosi hununui kitu mpaka hadithi iishe. Wanaume wazima walikuwa wanawekeana dau la soda. "Leo anaondoka yule mtoto wa fundi cherehani." "Thubutu, huyo kisomo anacho, leo ni yule mpiga domo."

Mpiga domo ni mimi. Niliondoka sehemu ya pili. Rubani alisema kwamba kijana yule, kwa kuongea peke yake, alikuwa anatumia hewa ya watu watatu, na kwamba mlango ulipofungwa nyuma yake chombo kizima kilipata utulivu. Alhaji alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye gunia. Baba yangu hakucheka. Alizima redio, akaniuliza, "Umekuwa wa ngapi?" na pale nikajifunza kwamba kuna watu ambao wao fimbo hawaoni ni ya ng'ombe tu.

Ikawa ndiyo hali ya mji. Mtoto akitupwa angani Jumamosi, Jumapili anakuja kanisani amevimba. Mwalimu wa Hesabu alipoambiwa, alisema, "Basi wasome." Na kweli wengine walisoma, hilo siwezi kulificha. Walikuwepo watu waliokuwa hawajui hata kugawanya, wakajifunza usiku na mchana ili wabaki hewani wiki moja zaidi.

Sasa msikilize na upande wa pili, maana mtu huyu ukimshika huku anachomokea kule. Mwandishi wa safari za nyota alikuwa hawezi kupanda lori mpaka Ilembo bila kutapika. Mtu aliyepiga hesabu za mbinguni alikimbia nyuki akaacha kiatu mbele ya Kidato cha Kwanza. Na yule aliyekuwa anamtupia Maganga karatasi dirishani kila mtihani, Jumamosi asubuhi, kabla ya redio, alikuwa anaendesha baiskeli mpaka kwao Maganga kumfundisha bure. Nililiona kwa macho yangu, nilikuwa nimeenda kula migebuka. Mama Maganga anauza samaki hao wa Tanganyika, anawakaanga mwenyewe, harufu inakuita kutoka barabarani. Nikawakuta nyuma ya nyumba, mwalimu amevua koti, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, wanagawanya samaki.

"Migebuka kumi na wawili, wateja wanne. Kila mmoja anapata wangapi?"

"Inategemea, mwalimu, kuna mteja mwingine mama hampendi."

Nikangoja atukanwe. Mwalimu wa Hesabu akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia shuleni, "Chukulia anawapenda wote, Maganga. Kwa leo tu chukulia hivyo." Aliponiona akavaa koti haraka, akaniuliza kama huko kwetu hakuna samaki.

Ndiyo maana kwenye hadithi Maganga alikuwa hatupwi. Darasani ni wa mwisho, angani yupo tu. Kila akikaribia mlangoni rubani anapata sababu: Maganga ndiye mwenye nguvu za kuusukuma mlango, Maganga anapumua polepole kwa sababu ametulia, Maganga amezoea kukaa na ng'ombe kwa hiyo hewa nzito haimsumbui. Tulitupwa sisi, wakatupwa wenye alama za kati, Maganga anausukuma mlango. Dukani kwa Alhaji wakaanza kunung'unika kwamba rubani amekula rushwa ya samaki.

Aliyeyamaliza ni Nyamizi. Alisimama darasani Jumatano, na daftari la miraba mkononi, amepiga hesabu yote ya hewa tangu sehemu ya kwanza.

"Mwalimu, samahani. Hesabu yako ina upendeleo."

"Wapi?"

"Mtu mwenye mwili mkubwa anatumia hewa zaidi, umeandika mwenyewe sehemu ya kwanza. Maganga angetakiwa awe wa kwanza kutoka. Umempunguzia mapafu."

Tukasikia mbuzi wa mlinzi. Mwalimu alichukua daftari. Alisoma akiwa amesimama, alisoma tena, kidole kinafuata mistari. Maganga alikuwa anatabasamu, amefurahi kutajwa. Mwalimu akamrudishia Nyamizi daftari, kwa mikono miwili, ameinama.

"Uko sahihi," akasema. Hakumtukana mtu yeyote siku ile, wala kesho yake. Tungejua.

Jumamosi Mama Maganga, ambaye kwa ajili ya samaki wake hajawahi kuifuata hadithi, alifungua redio amechelewa, mikono ina mafuta. Alikuta ng'ombe wa mtu kutoka Inyonga ameshapatikana, akasikia sauti nzito ya kiume, ambayo redioni hakuitambua, ikisema polepole kwamba Maganga, mtoto wa Ilembo, hewa imemwishia leo mchana, alikuwa kijana mwenye nguvu na mpole, aliyekuwa anasaidia wenzake, na kwamba hakulia. Samaki waliungua. Mama yule alitoka barabarani anapiga yowe, kitambaa kimeanguka. Majirani wakaja. Mmoja akasema, "Na mimi nimesikia, kweli wametangaza." Ilembo msiba hausubiri maelezo. Turubai likafungwa, wanaume wakaleta viti, wanawake wakabandika maharage, shemeji akapiga simu Mishamo, bibi yake Maganga akapakiwa kwenye bodaboda kutoka huko analia njia nzima. Kijana mmoja alitumwa hospitali kuuliza mwili. Akaambiwa mwili wa jina hilo haupo, akarudi kuwaambia watu kwamba hospitali wameuficha.

Maganga alikuwa Misunkumilo anacheza mpira. Mimi ndiye niliyekuwa golikipa wao. Tulirudi pamoja jua likiwa linazama, tukaona turubai kwao, akaniambia, "Sijui nani amekufa," akaongeza mwendo. Aliingia katikati ya watu amebeba viatu mkononi, akasalimia wazee vizuri, akakaa. Aliyekuwa karibu yake akampa sahani. Alikuwa ameshakula nusu ndipo bibi yake alipomwona, akaanguka chini kama mtungi.

Watu walikimbia. Mzee mmoja aliruka mkeka wa wanawake. Mimi nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, na mpaka leo nikikumbuka yule mzee nacheka. Maganga mwenyewe, alipoelezwa kilichotokea, aliuliza swali moja tu: "Mimi nimetoka sehemu ya ngapi?" Akaambiwa ya tisa. Akanitazama. "Wewe ulitoka ya pili," akasema, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Jumatatu Mama Maganga alikuja shuleni. Hakupita ofisini, alikuja moja kwa moja kwenye dirisha letu, akasimama palepale kwenye shimo la mwanawe bila kujua.

"Wewe mwalimu! Mwanangu umemuua redioni."

"Mama, shikamana na ukweli. Amekufa angani, sio duniani."

"Angani ndiko kubaya zaidi! Huko nani atamzika?"

Mwalimu alichomoa chaki mfukoni, akairudisha. Ndiyo mara pekee niliyoona amekosa jibu, na aliyemkosesha ananuka samaki.

"Nimekulisha kwangu," akasema mama. "Umekalia ndoo yangu. Mrudishe ndani ya hicho chombo chako. Jumamosi nataka nimsikie anapumua."

"Haiwezekani, mama. Hewa haitoshi."

"Si ni wewe unayeiandika hiyo hewa?"

"Naiandika, lakini siipangi."

Mkuu wa shule aliingilia, akamwahidi mama kwa niaba ya mwalimu. Mtangazaji wa redio, kijana mmoja mpole aliyekuwa anamheshimu sana, alimpigia simu mbele yetu, tukasikia yote maana simu ya mwalimu ilikuwa inapiga kelele kama ya sokoni: "Mwalimu wangu, wewe mfufue tu huyu kijana, sentensi moja, halafu endelea mpaka chombo kifike, nafasi ni yako hata miaka. Usipomfufua, bosi anasema usije."

Sentensi moja. Wiki nzima mji ulikuwa unangoja hiyo sentensi. Kule shuleni tulimwandikia kumi na tano tofauti, tukaziacha mezani kwake: Maganga alishika bomba nje ya chombo, Maganga alipanda nyuki mkubwa, Maganga alikuwa amebana pumzi. Alizisahihisha zote kwa kalamu nyekundu, akaturudishia. Ya nyuki aliandika: "Nyuki naye anapumua."

Jumamosi tulienda kukaa nje ya redio, Kidato cha Nne B karibu wote, na miwa yetu, kama watu wanaongoja harusi. Alifika na baiskeli, koti limepigwa pasi, karatasi amezikumbatia. Mtangazaji akamwomba azione. Alizisoma palepale mlangoni, moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, hayumo."

"Amekufa."

"Lakini hii ni sehemu ya mwisho? Wanafika au hawafiki?"

"Ukinipa maikrofoni utajua."

Mtangazaji alimtazama kwa huruma kabisa, hilo naapa, akarudi ndani, akafunga mlango. Tukasikia kwenye spika ya nje: ng'ombe wawili, kifo kimoja, halafu bongo fleva. Mwalimu wa Hesabu alisimama uso kwenye mlango muda wote wa wimbo. Wimbo wa pili ulipoanza, mmoja wetu akaanza kucheza nyuma yake, anamwigiza anavyoandika ubaoni kwa mkono wa nyuma. Wote tukacheka. Nikipata nafasi nyingine nitacheka tena, ilikuwa imefanana sana. Alipogeuka alitupitia bila kututazama. Alisema tu, kama anayejisomea, "Zimebaki kurasa nne."

Maganga hakurudi shule. Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa alienda kuchunga ng'ombe wa baba yake mdogo huko kwenye mbuga za mpunga. Nilipomfuata kumbembeleza alisema, bila hasira, "Yule ndiye aliyekuwa ananificha nibaki. Akishaniambia na yeye kwamba hewa yangu imeisha, mimi nani nibishe?" Mwalimu alienda Ilembo kwa baiskeli. Mama Maganga alimmwagia maji ya kuoshea samaki. Alikuja darasani Jumatatu na lile koti, limefuliwa lakini wapi, na paka wa shule akamfuata ubaoni. Huyo paka alituvunja mbavu wiki nzima. Muhula uliofuata akahamishwa kupelekwa Mwese, huko milimani, ambako redio ya mjini haikamati.

Mimi sasa niko kidato cha tano, masomo ya lugha na historia, mbali kabisa na pembetatu. Likizo hii mjomba wangu, mwenye pikipiki, alinichukua tukafuate maharage Mwese. Ile barabara mnaijua, nusu ya safari unatembea pikipiki inakuongoza. Tulipokuwa tunafunga gunia mbele ya duka, nikamwona anapanda kilima, suruali ina tope mpaka magotini, na koti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ulitoka sehemu ya pili."

"Ndiyo mwalimu. Naendelea vizuri na marehemu wenzangu."

Hakucheka. Amekonda, shingo imebaki peke yake ndani ya kola. Nikawa sina la kusema, na mimi nikikosa la kusema nasema lolote. Nikamuuliza, "Mwalimu, hivi walifika?"

Alikaa juu ya gunia letu. Alikaa polepole, kama mtu aliyeambiwa akae kwa ajili ya habari.

"Umekuja mpaka huku kuniuliza hilo?"

"Hapana mwalimu, tumekuja kuchukua maharage. Nimeuliza tu."

"Wengine wanauliza? Huko mjini?"

"Hawaulizi, mwalimu. Jumamosi siku hizi wanaweka mpira."

Akatikisa kichwa kukubali, kama nimetaja kitu alichokwisha kukipigia hesabu. Mjomba akatazama mawingu, akasema, "Mwalimu, si umwambie tu kijana, mvua hiyo inakuja." Na yeye akafungua mdomo. Nilimwona kabisa. Alikuwa anakwenda kusema, bila ubao, bila mtihani, midomo yake ikaanza kutembea kama ile siku ya dirishani. Halafu akasita.

"Hesabu ulipata nini? Mtihani wa taifa."

"F, mwalimu."

Akafunga mdomo. Akanyanyuka kwenye gunia, akajipangusa vumbi la maharage nyuma ya koti.

"Basi hata nikikwambia," akasema, "utajuaje kama nimekudanganya?"

Akaendelea kupanda kilima. Tulisukuma pikipiki mpaka pakavu, tukawasha, mvua ikatukuta njiani, tukajibanza kwenye banda la tumbaku. Mjomba alikuwa anakamua shati.

"Yule ndiye yule wa redio? Aliyemuua mtoto wa Mama Maganga?"

"Ndiyo, ni yeye."

"Sasa ile safari yao mwisho ilikuwaje? Mimi niliishia wanatupana. Kakwambia?"

"Kaniambia," nikasema.

"Walifika?"

"Walifika wote. Na waliotupwa waliokotwa njiani, na Maganga ndiye aliyewafungulia mlango."

"Afadhali," akasema mjomba, na alikuwa amefurahi kweli. "Wote kabisa?"

"Wote, isipokuwa rubani."